Miguu Ambayo Sikuifunua

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Mvua imepiga tangu alfajiri mpaka saa tatu, ikakatika ghafla, halafu jua likawaka hadi mabati ya jirani yakawa yanafuka mvuke. Upepo hakuna.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaoingia kazi ya chumba cha maiti. Mmoja wenu alinijia hapa Nyakato mwezi uliopita, akaniamkia vizuri, akasema wamesikia nimekaa mochwari miaka ishirini na saba, niwaandikie chochote nilichojifunza. Nikamwambia mimi ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Akacheka, akasema huu si mtihani. Basi najaribu. Daftari langu limezoea mambo mafupi tu: mvua, wageni, nani amefariki. Kama nitamwonea mtu humu, msidhani nilikusudia.

Hospitali sitaitaja. Kosa nitakalolisema lilikuwa langu, na wengi niliofanya nao kazi pale walikuwa watu wema kunizidi.

Yule kijana aliniuliza kama maiti wote nawakumbuka. Nilimjibu hapana, akaonekana hakuniamini. Lakini ni kweli. Maiti hawakai kichwani, vijana wangu. Wamefumba macho, hawakudai kitu. Wanaokaa ni wafiwa, tena si wote. Mtu aliyeingia ameinama, akatazama wake, akaondoka ameinama, huyo kwangu hayupo, hata kama alilia mpaka akaanguka. Aliyeinua macho yakakutana na yangu, hata kwa muda wa kupepesa, huyo ninaye mpaka leo na kanga aliyovaa na neno alilosema. Sijui kwa nini iko hivyo. Labda waliosoma wanajua.

Na wao wananikumbuka hivyohivyo. Wakati mmoja nilialikwa harusi hapahapa Nyakato. Bwana mmoja mnene akawa anazunguka meza kwa meza akisalimia, amefurahi, ana chupa ya soda mkononi. Akafika kwangu, akanyoosha mkono, nikainua uso. Mkono wake ukabaki hewani. Akakaa kiti cha jirani, akaiweka soda chini kama inamuunguza. Baada ya muda akaniambia taratibu, "Samahani mzee. Nilikuwa nimekusahau kabisa. Ulipoinua uso, nikamwona mama yangu." Tangu siku ile nikienda harusini natazama sahani yangu. Mke wangu anasema watu wanadhani nina njaa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Magesa, Mjita wa upande wa Mara, mfupi, mikono mikubwa, mtani mno. Mwezi wangu wa kwanza alikuja mtu kumtafuta kaka yake. Mimi nikiwa na bidii ya ugeni nikasimama mbele yake, nikamkazia macho, nikamuuliza kaka yako ana alama gani. Yule mtu akagugumia. Nikamuuliza tena. Akasahau hata jina la pili la kaka yake. Magesa akanisogeza kwa kiwiko. Akaketi kwenye benchi ubavuni mwa yule mtu, wote wawili wanatazama ukuta, akaanza kufuta matope kwenye viatu vyake vya mpira. Ukutani palikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya trekta. Akauliza kama anaongea na lile trekta: huyo kaka alikuwa mtu wa kazi gani? Yule mtu, naye akilitazama trekta, akaeleza kila kitu. Kovu la jembe kwenye ugoko. Jino la mbele lililovunjika. Shati alilonunuliwa siku ya Krismasi.

Alipoondoka Magesa akaniambia, "Ukimuuliza mtu jambo la kukumbuka, mwondolee macho. Macho yako ni mzigo. Umeshamtwika, atapekuaje sanduku?"

Trekta lile lilisikia habari nyingi kuliko padri.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba alama zinaulizwa kabla ya kufunua, si baada. Mtu akishaona sura iliyoharibika, kumbukumbu yake ya sura nzima inaondoka, anabaki na hiyo unayomwonyesha wewe. Nilifanya hivyo miaka mingi na sikuwahi kutoa maiti kwa watu wasio wake.

Magesa alistaafu, akafariki mwaka wa pili. Baadaye ikaletwa semina. Mwalimu wake alikuwa dada mmoja mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na sitaki mumfikirie vibaya. Alisema zamani tulikuwa tunawatendea wafiwa kama mizigo bandarini. Alisema mfiwa atazamwe machoni, ajue kuna binadamu anayejali. Nilijaribu, na kweli niliona faida. Mama mmoja aliyefiwa na mtoto alinishika mkono, akaniambia katika hospitali yote mimi ndiye niliyemtazama. Basi nikaiacha njia ya Magesa. Siwezi kusema semina ilikuwa mbaya. Nilichokosea ni kudhani dawa moja inatibu watu wote.

Sasa nafika kwenye lile ninaloliogopa.

Ilikuwa miaka mitatu kabla sijastaafu. Mtumbwi wa injini uliotoka visiwani ukiwa na abiria na magunia ulipinduka kwa upepo. Wengine waliokolewa. Waliokufa waliletwa kwetu siku ya tatu, na kati yao walikuwamo wazee wawili. Wote warefu, wote wenye upara, na maji yalikuwa yameshawafananisha. Mlioanza kazi mnajua maji yanavyofanya uso. Wasiojua, bora mkae hivyohivyo.

Mmoja alikuwa mtu wa upande wa Sengerema. Mwanawe, Masanja, alikuwa machimboni na simu haipatikani. Aliyekuja kumtambua alikuwa mke wa Masanja, anaitwa Kabula, pamoja na jirani mmoja mwanamume ambaye alifika mlangoni, akanusa, akasema atasubiri nje. Simlaumu. Wengi wanasubiri nje.

Kabula alikuwa ameishi na mkwe wake nyumba moja miaka kumi na mmoja. Alimpikia, alimfulia, alimchemshia maji ya kuoga. Mimi nikajiambia, nani atamjua zaidi ya huyu?

Mimi ni Msukuma. Nilipaswa kujua. Mwanamke wa kwetu aliyelelewa vizuri hamtazami baba mkwe usoni. Anapiga magoti kumsalimia, anamnawisha mikono, anaweka chakula, anarudi jikoni, na macho yake muda wote yako chini. Siku hizi mjini wengine wanakula meza moja na wakwe zao wakitazama televisheni, na sioni kama mbingu imeanguka. Lakini Kabula alikuwa wa ule mtindo wa zamani. Miaka kumi na mmoja ya heshima ilimaanisha miaka kumi na mmoja bila kuuona uso wa yule mzee, zaidi ya kuuibia jicho kidogo kwa mbali. Hilo sikulifikiria. Mke wangu mwenyewe alimheshimu baba yangu vilevile, na bado sikulifikiria.

Siku ile watu walikuwa wengi nje, wanapiga mlango. Sikuuliza alama. Nilimsimamisha upande mmoja wa machela, mimi nikasimama upande wa pili, nikafunua shuka mpaka kidevuni. Akainama papo hapo, akatazama sakafu na viatu vyangu vya mpira. Nikadhani ni uchungu. Nikafanya nilivyofundishwa.

"Mama, nitazame. Ndiye?"

Aliinua macho. Yakakutana na yangu mara moja, yakashuka tena.

"Miguu iko wapi, baba?"

Shuka ilikuwa imezungushwa na kufungwa fundo miguuni. Nikamjibu, "Miguu ipo, mama. Hapa tunatambua kwa uso."

Nikaendelea kumtazama, kwa huruma, naapa ilikuwa huruma. Nikauliza mara ya pili, "Huyu ndiye mkwe wako?"

"Ndiyo, baba."

Mnasikia hiyo ndiyo? Nimeisikia mara nyingi sana kichwani. Ni ndiyo ya mwanamke kijana mbele ya mzee wa umri wa mkwewe anayemkazia macho, juu ya uso wa mkwewe. Wazee wawili kwa pamoja. Angeniambia nini? Angekubali hata ningemwambia ni mjomba wangu. Nikaandika, akaweka kidole gumba, wakamchukua maiti yule, wakamzika kwao kando ya kaburi la mama mkwe wake.

Siku nne baadaye wakaja watu wa Ukerewe kumtafuta mzee wao. Binti yake nilipomfunulia yule aliyebaki alisema hapohapo huyu si baba. Nikaenda miguuni, nikafungua fundo. Mguu wa kulia haukuwa na vidole viwili vya mwisho, kovu la zamani la panga, limekauka na kung'aa. Mtu aliyetazama chini miaka kumi na mmoja angeutambua mguu ule kwenye giza.

Kufungua lile fundo kulichukua muda wa kuvuta pumzi mbili.

Mengine mnaweza kuyakisia. Vibali vikatafutwa, wakafukua, wakabadilishana. Watu wa Ukerewe walikuwa waungwana kupita kiasi, hawakunitukana. Masanja akarudi kutoka machimboni, akakuta aliyezikwa kwanza kama baba yake hakuwa baba yake. Kwa watu wetu hilo si kosa la karatasi. Mgeni amelala mahali pa mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko kwenye jokofu hajaliliwa.

Tuliitwa ofisini kwa mkuu. Masanja alikuwepo, wazee wawili wa ukoo, na Kabula kwenye kiti karibu na mlango. Mzee mmoja alimuuliza, bila ukali, "Miaka yote hiyo unampikia mtu, na humjui?"

"Namjua," Kabula akasema.

"Sasa ilikuwaje?"

Wale wazee hawakuwa watu wabaya, nataka hilo lieleweke. Ila hakuna aliyekumbuka kwamba wao wenyewe ndio waliomfundisha kutokumjua mkwewe usoni, na yeye hakuwa na mdomo wa kuwaambia mbele yao. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Nilimuuliza baba huyu."

Mkuu akaweka kalamu chini. "Ulimuuliza nini?"

Na hapo mimi, kabla hajafungua mdomo, nikadakia. "Aliuliza yale ya kawaida ya wafiwa, mkuu. Halafu nikamuuliza mara mbili, akakubali."

Nimejaribu kuliandika hilo kwa njia nyingine, haliwezekani. Mara mbili ilikuwa kweli. Kukubali ilikuwa kweli. Hayo ya kawaida ndiyo uongo, na uongo wenyewe ulitosha. Nilikuwa na miaka mitatu ya kufika kwenye kiinua mgongo. Sikumtazama Kabula niliposema. Nilitazama dirisha. Labda ndiyo sababu uso wake wa siku hiyo sina, ninao ule wa siku ya machela tu.

Mkuu alinipa onyo la maandishi kwa kutouliza alama. Kabula alirudishwa kwao. Alikwenda na mtoto mdogo, wale wakubwa wawili wakabaki kwa baba yao wakiambiwa kwamba mama yao alimtupa babu. Nilisikia hivyo kutoka kwa yule jirani wa mlangoni, nilipokutana naye kwenye kivuko. Akasema, "Yule mwanamke aliwahi sana kusema ndiyo." Mimi nikatikisa kichwa tu, kama mtu anayesikitika.

Miaka ikapita. Nikastaafu, nikapewa jogoo na saa ya ukutani. Jogoo tulimchinja, saa inachelewa.

Halafu ndio akaja kijana wenu na swali lake. Alipoondoka nilikaa uani mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa. Wiki iliyopita nikavuka kwenda Sengerema. Nilianza kwa Masanja, si kwa Kabula, na nawaambia sababu bila kuipamba: Masanja nilimwogopa kidogo, Kabula nilimwogopa sana. Nilimkuta anatengeneza banda la mbuzi. Nikamweleza yote, miguu, fundo, ofisini. Alisikiliza huku akipigilia misumari. Alipomaliza ubao ule akasema, "Mzee, nina mke mwingine sasa. Maneno yako yamekuja nyumba imeshahamwa." Nikamwambia najua. Nikamwomba jambo moja, watoto waambiwe. Akachukua msumari mwingine, kisha akasema atawaambia. Sijui kama atawaambia. Naandika alivyosema.

Leo mvua ilipokatika nikaenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Nilikuwa nimeelekezwa kwamba Kabula anauza dagaa pale, upande wa wauzaji wa reja reja. Nikamtambua kwa mbali. Amenenepa kidogo, amefunga kilemba cha bluu. Yeye hakunitambua hata chembe. Akaniamkia kama anavyoamkia wazee wote, akasema karibu dagaa, ni wa jana, wamekauka vizuri. Nikajua ningeweza kununua, nikarudi nyumbani, na dunia isijue lolote. Miguu yangu ilishaanza kugeuka.

Nikamwambia mimi ni nani.

Mikono yake iliendelea kuchota dagaa na kuwarudisha kwenye beseni. Nikamweleza kwamba siku ile nilimsikia aliposema miguu, na siku ya ofisini nilijua anachotaka kusema. Kwamba nilimkatiza kwa makusudi. Kwamba nimeshakwenda kwa Masanja. Sikuomba msamaha kwa maneno mengi, niliona ni kama kumwongezea kazi.

Akauliza kitu kimoja. "Watoto wameambiwa?"

"Amesema atawaambia."

"Amesema."

"Ndivyo alivyosema, mama."

Akakung'uta mikono kwenye kanga. Mimi nilikuwa nimetazama chini, kwenye beseni. Akaniambia, "Inua uso, mzee."

Nikainua. Akanitazama. Vijana, nimetazamwa na watu waliotoka kuona watoto wao wamekufa, lakini sijawahi kutazamwa vile. Hakuwa na hasira niliyoweza kuiona. Alikuwa ananipitia, paji la uso, pua, haya makovu ya ndui mashavuni, kama mtu anayehesabu mistari ya shamba. Mteja akaja, akasimama, akasubiri, akaondoka. Nilitaka sana kuyaondoa macho yangu, na nikaona sina haki hiyo.

"Uso wako sikuwa nao," akasema mwishowe. "Miaka yote nilikuwa na sauti yako na viatu vya mpira. Nilikuwa nikisikia mzee yeyote akiongea nyuma yangu, nashtuka. Sasa ninao. Nikikuona nitakujua ni wewe, na wengine nitawaacha."

Nikasema, "Haya, mama."

"Kipimo kimoja au viwili?"

Nikasema viwili. Akapima kwa ukamilifu, akajaza mpaka dagaa wakawa wanamwagika pembeni, akaongeza kiganja kimoja cha nyongeza kama nilivyomwona akiwafanyia wengine, akafunga mfuko.

Sasa ninyi mtataka niwape mafundisho, na mimi sina uhakika nayo. Ulizeni alama kabla ya kufunua. Mkiuliza, tazameni ukuta. Mkifariji, tazameni machoni, lakini msifanye yote mawili kwa pumzi moja. Na mtu akitaka kuona miguu, fungueni fundo. Huenda ana sababu asiyoweza kuitamka mbele yenu. Haya nayasema kama mtu aliyeyajua na hakuyafanya, kwa hiyo yapimeni wenyewe.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na dagaa wale, mke wangu amewapika kwa nyanya na ngogwe. Alikuwa ameshanawa alipoonja mmoja, akasifu kwamba hawana mchanga hata kidogo, akauliza nimenunua kwa nani. Miaka yote sikuwahi kumwambia. Nimemwambia, kuanzia machela mpaka beseni. Amesikiliza mkono wake ukiwa juu ya ugali, hakula wala hakuuondoa. Nilipomaliza amesema tule, si vizuri kuwatupa. Tumewala wakiwa wamepoa.